Mtumbwi, shanga na Brownie: tuziamini kiasi gani picha za kambi za wasichana?

Kuna picha ambazo kambi za kiangazi za wasichana wa Marekani zilipenda kutundika ukutani: ndefu kama mkeka, nyembamba, na ndani yake wasichana wote wa kambi wamekaa mstari mmoja, mikono magotini. Mstari huo ni kiini macho. Picha za namna hii zilipigwa kwa kamera iliyoitwa Cirkut, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo huzunguka taratibu juu ya miguu yake mitatu huku filamu ikijikunjua ndani. Ili mstari uonekane umenyooka, watu walipangwa nusu duara kuizunguka kamera. Mtundu aliyekaa mwanzo wa mstari, kama ana mbio, aliweza kukimbia nyuma ya wenzake akaiwahi kamera upande wa pili, na akatokea mara mbili katika picha moja.

Naanza na mchezo huo kwa sababu picha hizi leo zina mashabiki na zina maadui, na pande zote mbili huzungumza kana kwamba kamera ni dirisha. Mashabiki wanasema: tazameni, binti za miaka ya 1910 wamevua koseti, ile nguo ya kubana kiuno, wameshika kafi, wanacheka kwa meno yote. Wapinzani wanasema: hao ni watoto wa wenye nacho, katika matangazo ya biashara, wamevaa nguo za kuiga wenyeji wa asili wa Marekani, watu walionyang'anywa ardhi. Wote wanaona kitu cha kweli. Ila wengi hawaulizi picha ilipigwaje, na jibu la swali hilo linabadilisha mizani.

Historia kwa kifupi. Kambi za kiangazi zilianza na wavulana. Mwalimu Frederick William Gunn wa Connecticut aliwatoa wanafunzi wake porini mwaka 1861. Wasichana walisubiri karibu miaka 40. Laura Mattoon, mwalimu wa sayansi wa jijini New York, alianzisha kambi ya Kehonka huko New Hampshire mwaka 1902. Kambi ya Aloha ikafuata mwaka 1905 kando ya ziwa Morey, Vermont. Mwaka 1910 Luther na Charlotte Gulick, waliokuwa na kambi yao kwenye ziwa Sebago, Maine, walianzisha vuguvugu la Camp Fire Girls, yaani Wasichana wa Moto wa Kambi, na miaka miwili baadaye Juliette Gordon Low akawakusanya wasichana 18 mjini Savannah kuanzisha skauti wa kike wa Marekani.

Ili kuelewa kwa nini msichana mwenye kafi lilikuwa jambo la kupigiwa picha, kumbuka alikotoka. Mwaka 1873 daktari wa Boston, Edward Clarke, aliandika kwamba masomo mazito yanamharibu msichana kizazi, na watu wenye akili zao walimwamini. Mwili wa binti wa tabaka la kati ulihesabiwa kama kikombe cha kaure: uhifadhiwe kabatini, utolewe siku ya mgeni. Sasa mtazame huyu wa ziwani. Amevaa blauzi pana yenye kola ya baharia na suruali ya kupwaya iliyobanwa chini ya goti, soksi ndefu nyeusi, viatu vya raba. Mikono yake imeungua jua hadi kwenye kiwiko, juu yake ni myeupe, kwa hiyo unajua amekunja mikono ya blauzi hivyo kwa wiki nyingi. Hapo mashabiki wana hoja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Tabasamu unaweza kuliagiza. Lakini msichana aliye katikati ya ziwa, amesimama juu ya mtumbwi uliopinduka, anaogelea kweli au angekuwa amezama. Kuogelea hakuigizwi. Na aliyemfundisha, mara nyingi, ni mwanamke, chini ya mkurugenzi mwanamke, kwa wiki nane ambazo baba anatokea siku ya kutembelea tu.

Ila hapa ndipo kamera inapodai kusikilizwa.

Kamera nyingi mikononi mwa wasichana hao zilikuwa Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu ambacho kampuni ya Kodak ilianza kukiuza mwaka 1900 kwa dola moja. Filamu ya picha sita ilikuwa senti 15. Lenzi ni kipande rahisi, na ukibonyeza, mlango wake unafunguka na kufunga kwa kasi ileile kila mara. Maelekezo yake hayakuwa na mzaha: piga nje, jua likiwaka, jua likiwa nyuma yako. Ndiyo maana katika albamu hizi ni mchana milele. Hakuna mvua ya siku tatu, ingawa kaskazini kule mvua hainyeshi kwa kuuliza. Hakuna usiku. Mtoto wa miaka 11 anayelia chini ya blanketi akimlilia mama yake hakuweza kupigwa picha hata kama mwenzake angetaka.

Hata moto wenyewe. Fikiria: jambo kuu la kambi, lile lililobeba jina la Camp Fire, ni kukaa duara kuzunguka moto usiku, na Brownie haikuwa na uwezo wa kulinasa. Ukiona picha ya baraza la moto la miaka hiyo, tazama vivuli. Mara nyingi ni mchana. Kuni zimepangwa vizuri, wasichana wamevalia rasmi, moshi kidogo au hakuna kabisa, na jua limewapiga utosini. Sherehe ya usiku imechezwa upya mchana kwa ajili ya kamera. Sisemi ni uongo. Nasema ni igizo la jambo la kweli, na anayetumia picha hiyo kama ushahidi wa kilichotokea usiku ule anatumia kitu kisichokuwepo.

Mwanga wa bandia ulikuwepo, lakini ulikuwa kazini kwingine. Miaka hiyohiyo Lewis Hine, aliyeajiriwa na kamati iliyopinga ajira ya watoto, alikuwa akiingia viwandani akiwasha unga wa magnesiamu ili awapige picha wasichana walioegemea mashine za kusokota pamba, Carolina na kwingineko. Kwa siri alipima kimo chao kwa vifungo vya nguo yake mwenyewe, kifungo cha ngapi kinafikiwa na kichwa cha mtoto, kisha akaandika. Ukiweka picha ya Hine kando ya picha ya ziwa Sebago, umri ni mmoja, nchi ni moja, kiangazi ni kimoja. Wapinzani wanapenda kuzipanga hivyo na sina la kuwakosoa, ila moja: picha ya kiwandani haimfanyi msichana wa ziwani kuwa mwongo. Inaonyesha tu uhuru wake ulikuwa na ada ya kulipia. Kwa wasichana weusi hata ada haikutosha. Kambi ya Atwater huko Massachusetts, mojawapo ya chache zilizojengwa kwa ajili ya watoto weusi, ilianzishwa mwaka 1921.

Sasa tuje kwenye nguo, ambako binafsi ndiko napata shida zaidi.

Msichana wa Camp Fire alikuwa na gauni la sherehe la rangi ya kahawia lililoshonwa liigize ngozi, lenye matamvua, na nywele zimesukwa mikia miwili na kufungwa utepe wa shanga kwenye paji la uso. Shanga zilikuwa nishani: nyekundu za afya, za rangi ya moto za kazi za nyumbani, buluu za maarifa ya mimea na wanyama. Kila mmoja alijichagulia jina la "Kihindi", yaani la kuiga wenyeji hao wa asili wa Marekani. Mama Gulick alijiita Hiiteni. Kaulimbiu yao ilikuwa Wohelo, neno ambalo masikioni linaonekana la kabila fulani la kale, kumbe limeungwa kwa herufi mbili mbili za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kazi, afya na upendo. Msomaji anayejua unyago atatambua umbo lake mara moja: wasichana wametengwa, wana nyimbo, wana kungwi, wana ngazi za kupanda. Na kama unyago, mwisho wa njia ulikuwa nyumbani. Luther Gulick alipinga wazi wasichana kuwaiga maskauti wa kiume. Moto wake ulikuwa moto wa jikoni. Tofauti ni kwamba unyagoni kamera haingii.

Wakati huohuo, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu walikuwa wakipigwa picha za namna nyingine. Katika shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1879, watoto walipigwa picha walipofika na kupigwa tena baada ya kukatwa nywele na kuvalishwa sare, ili wafadhili waone mabadiliko. Luther Standing Bear, mtu wa kabila la Lakota aliyekuwa katika kundi la kwanza, alisimulia jinsi walivyopewa fimbo wakaelekezwa ubaoni palipoandikwa majina ambayo hawakuweza kuyasoma, kila mmoja aguse lake. Ndivyo alivyokuwa Luther. Na tangu mwaka 1883 serikali ilikuwa imepiga marufuku baadhi ya ngoma zao za ibada. Basi binti wa mwenye benki anajichagulia jina la Kihindi kando ya ziwa, na mtoto wa Kilakota anagusa jina la Kizungu kwa fimbo. Sijui msichana wa picha alijua. Pengine hakujua, na kutojua kwake ndiko kulikoifanya picha ipendeze.

Hapo ningeweza kuhitimisha upande wa wapinzani, kama si mtu mmoja. Charles Eastman, mwenyeji wa asili wa kabila la Dakota, jina lake la Kidakota Ohiyesa, alikuwa daktari. Ndiye aliyewatibu majeruhi wa mauaji ya Wounded Knee, ambako wanajeshi wa Marekani waliwaua Walakota, mwishoni mwa mwaka 1890. Mwaka 1914 alitoa kitabu cha maarifa ya porini kwa ajili ya maskauti na wasichana wa Camp Fire. Mwaka uliofuata yeye na mkewe Elaine, mwandishi mzungu, walifungua kambi yao ya wasichana kwenye ziwa Granite, New Hampshire. Kila siku Eastman alivaa suti. Kwenye mihadhara mbele ya wazungu alivaa ngozi na manyoya. Binti yake Irene aliimba jukwaani kwa jina la Taluta, naye akiwa amevaa hivyo.

Anayesema mavazi yale ni wizi mtupu amweleze Eastman. Anayesema ni heshima tu, aeleze kwa nini daktari mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Boston alilazimika kuvaa manyoya ili asikilizwe. Mimi naona familia ile iliuza kilichokuwa na soko, na katika kukiuza ilijaribu kufundisha kilichokuwa cha kweli. Picha haiwezi kukutofautishia mawili hayo. Gauni ni lilelile, matamvua ni yaleyale.

Kwa hiyo ninapopata albamu za namna hii mtandaoni, naziruka picha za baraza la moto na zile ndefu za Cirkut. Natafuta za Brownie zilizoharibika: kidole kimeziba kona, mtu amekatwa kichwa, soksi zimeanikwa juu ya kamba ya hema. Picha sita kwa senti 15, na mtoto ameamua moja itumike kwa soksi. Hakuna mkurugenzi aliyemwagiza.

Luther Gulick alifariki Agosti 1918. Carlisle ilifungwa Septemba mwaka huohuo. Oktoba, mafua yaliyoizunguka dunia yalimchukua Irene Eastman. Kiangazi kilichofuata wasichana walirudi maziwani, jua likawaka, na Brownie zikatolewa mifukoni.