Utafiti wa afya Zanzibar: mamlaka tunayo, fungu ndilo lililopungua

Jedwali la Kwanza la Katiba ya Jamhuri ya Muungano lina mambo 22 ya Muungano, yaani yale yaliyo chini ya serikali ya pamoja na Bunge lake. Afya haimo. Utafiti umo, namba 18, neno moja lisilo na ufafanuzi. Kwa hiyo Wizara ya Afya ya Zanzibar ikigawa dawa ya kichocho maskulini, hakuna anayeuliza kwa ruhusa ya nani. Ikirudi baada ya miezi sita kupima mkojo wa watoto walewale ili ijue dawa imesaidia kiasi gani, wapo wanaosema imeshaingia katika jambo lisilo lake.

Hoja yao ina uzito. Ibara ya 64(3) ya Katiba hiyo inasema sheria ya Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, inayogusa jambo lililo chini ya mamlaka ya Bunge ni batili. Bunge nalo lilishaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa Sheria namba 23 ya 1979. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, idadi ndogo kwa majaribio mengi ya dawa. Malaria inavuka bahari ndani ya damu ya abiria wa boti, na mtafiti anayetaka kulinganisha Tanga na Pemba hubeba mafaili mawili ya vibali. Mtu akiuliza kwa nini tuwe na taasisi mbili za utafiti, moja ya Muungano na moja ya Zanzibar, hajauliza upuuzi.

Hata hivyo, namba 18 ikisomwa kwa upana huo, kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, Unguja, kisingekuwa na haki hata ya kujaribu mbegu za mpunga, maana huo nao ni utafiti, ingawa kilimo si jambo la Muungano. Hakuna aliyewahi kuisoma hivyo, na kazi imeendelea. Katiba ya Zanzibar, ibara ya 132, inaweka mlango wake pia: sheria ya Bunge haitumiki hapa mpaka iwe ya mambo ya Muungano, na ni lazima waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi. Usomaji unaosimama ni huu: mwenye jukumu la kutibu ana mamlaka ya kujua kama tiba yake inafanya kazi. Baraza lilitunga sheria iliyounda Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, kwa msingi huo, na kamati ya maadili ya Zanzibar ndiyo inayopitia maandiko ya utafiti wa afya unaofanyika Unguja na Pemba.

Upande huu ndio usioeleweka vizuri. Watu husikia "mamlaka ya utafiti" wakadhani ni ugomvi wa vyeo kati ya serikali mbili. Suala lenyewe ni nani anachagua swali la kuulizwa, na hilo huamuliwa na mlipaji.

Tuangalie Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwongozo wa kimataifa ulitaka watoto wadogo wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe madini ya chuma, wote, bila ya kupimwa kwanza. Pemba ilikuwa na upungufu huo pamoja na malaria kali. Jaribio likaanzishwa kwa watoto wapatao 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, kwa dozi ya kila siku ya miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za asidi ya foliki, nusu yake kwa walio chini ya mwaka mmoja. Agosti 2003 bodi huru ya usalama ilisimamisha makundi yaliyokuwa yakipewa chuma. Matokeo yalitoka 2006: watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi za malaria.

Asilimia 12 hiyo hutajwa kila mahali, lakini mara nyingi hukatwa kiunoni. Katika kundi dogo lililopimwa damu kabla ya kuanza, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu kwa pamoja walinufaika. Hatari ilionekana kuwaelemea wale ambao miili yao haikuhitaji chuma cha ziada. Maana yake, jibu lilitegemea mambo mawili: hali ya chuma mwilini mwa mtoto, na malaria iliyomzunguka. Tangu hapo jambo la pili limegeuka. Dawa mseto zilianza kutumika 2003, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani vikafuata kuanzia 2006, na maambukizi ya malaria Zanzibar yakashuka chini ya asilimia 1. Mtoto wa Micheweni wa leo haishi katika malaria ya 2003. Je, tahadhari iliyoandikwa kwa ajili ya malaria ya wakati ule bado inamfaa, au inamnyima chuma anachokihitaji?

Hilo ni swali la Pemba kabla ya kuwa la dunia. Dunia ilishapata jibu lake 2006 na ikaendelea na mambo mengine. Mfadhili wa nje huvutiwa na swali ambalo jibu lake linatumika katika nchi nyingi, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo, maana fedha ni zake. Serikali ndiyo yenye sababu ya kulipia swali ambalo jibu lake linawahusu watoto wake peke yao.

Mfano wa pili nautaja kwa ufupi. Majaribio ya Bangladesh na Nepal yalionesha kwamba kupaka kitovu cha mtoto mchanga klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kunapunguza vifo. Pemba, katika jaribio la watoto wachanga 36,911, vifo havikupungua kwa kiwango cha kutosha kuthibitisha faida hiyo. Bila ya jaribio hilo, dawa ingeweza kununuliwa kwa bajeti yetu kwa kutegemea ushahidi wa Asia pekee.

Wanaosema fedha za wafadhili zinatosha wana ushahidi wa kuonesha. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa 2000 kwa ushirikiano wa Wizara na wakfu wa Italia, imetoa matokeo yanayosomwa duniani kote. Mradi wa kutokomeza kichocho ulifanyika katika shehia 90 (maeneo madogo ya utawala, kila moja na sheha wake), 45 Unguja na 45 Pemba, ukilinganisha ugawaji wa prazikwanteli, dawa ya kichocho, peke yake, ugawaji pamoja na kuua kwa niklosamidi konokono wanaoeneza ugonjwa huo, na ugawaji pamoja na elimu ya kubadili tabia. Ugonjwa ulishuka sana, lakini maambukizi hayakukatika. Hapo ndipo penye funzo, maana mradi una tarehe ya mwisho na konokono hana. Mvua za masika zikijaza mabwawa, konokono hurudi, na anayepaswa kuhesabu ni yule atakayekuwepo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja. Hakuna mkataba wa ufadhili ulio salama mbele ya uamuzi wa namna hiyo.

Tatizo la fedha zetu wenyewe lina sura nyingine, na wanaotetea mamlaka ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) hawalisemi vya kutosha. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi na kufunga 30 Juni, na fedha ambayo haikutumika kwa kawaida hurudi Mfuko Mkuu. Utafiti wa kichocho unataka kupima kabla ya dawa, kugawa dawa, kisha kurudi mwaka mwingine msimu uleule. Kazi hiyo haiwezi kuingia ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Fedha ikichelewa miezi miwili, watoto wameshafunga skuli na mabwawa yameshakauka. Hapo hupatikana takwimu za misimu miwili tofauti, ambazo hazilinganishiki.

Na kazi yenyewe haivumilii pengo. Mkojo wa kichocho hukusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ndipo mayai hutoka kwa wingi, na mililita 10 huchujwa. Choo cha minyoo huwekwa kwenye kioo kwa kipimo cha miligramu 41.7, na idadi ya mayai huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu. Mayai ya safura huyeyuka machoni kutokana na gliserini inayowekwa kwenye kipimo, kwa hiyo kioo kisomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Gari lisipopata mafuta siku ile, kioo kikisomwa jioni kitaonesha hakuna safura, na ripoti itaandika ugonjwa umepungua. Anayekata posho ya mafuta ofisini hajui kwamba amebadilisha matokeo.

Kuna pingamizi moja ambalo mimi nalipa uzito kuliko lile la Jedwali la Kwanza. Serikali ikifadhili utafiti, ikaufanya, na ikautolea kibali cha maadili, nani atamlinda mshiriki? Mfumo wetu wa malaria unalionesha hili waziwazi. Mgonjwa akigundulika kituoni, ofisa wa wilaya humfuata nyumbani na kuwapima wanaoishi naye. Hiyo ni huduma, haihitaji fomu ya ridhaa. Lakini tone la damu lilelile likihifadhiwa ili lichunguzwe vinasaba vya vimelea, limekuwa utafiti, na mama mwenye nyumba ana haki ya kuambiwa na kukataa. Mpaka huo ni mwembamba, na mwenye maslahi ya matokeo hafai kuwa ndiye anayeuchora. Ruhusa ya sheha kuingia katika shehia haiwezi kusimama mahali pa ridhaa ya mama huyo.

Pingamizi la "dawa kwanza", kwamba kila shilingi ya utafiti imetoka kwenye dawa ya hospitali, nalielewa pia. Wito wa Bamako wa 2008 ulitaka wizara za afya zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti zao kwa utafiti, yaani shilingi milioni 20 katika kila bilioni moja. Kwa muuguzi anayekosa vifaa, milioni 20 ni nyingi. Lakini dozi moja ya albendazole, dawa ya minyoo, inatibu sehemu ndogo tu ya walioambukizwa minyoo mjeledi, na hilo limejulikana kwa kupima, Pemba ikiwemo. Bila ya kupima tungeendelea kugawa tukidhani tumemaliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mamlaka ya SMZ kufanya utafiti wa afya yamesimama, na ushirikiano na NIMR uendelee kwa makubaliano ya kupokea mapitio ya kila upande ili mtafiti asirudie faili zima. Kinachokosekana ni vifungu viwili vya sheria. Kimoja kiunde mfuko wa utafiti wa afya ambao salio lake halirudi Hazina 30 Juni, unaopata asilimia iliyotajwa kwenye bajeti na mchango kutoka kwa kila mradi wa nje unaotumia maabara na wafanyakazi wetu. Cha pili kiipe kamati ya maadili bajeti yake, sekretarieti yake na njia ya kuripoti isiyopitia kwa mkurugenzi wa taasisi ambayo watafiti wake ndio wanaoomba kibali. Viende pamoja katika mswada mmoja. Kile cha kwanza kikipita peke yake, serikali itakuwa na fedha za kuwapima watu wake bila ya mtu mwenye nguvu ya kuiambia isimame, kama bodi ile ilivyosimamisha chuma Pemba.