Nesi anayeanza kazi Uingereza na mbeba boksi: tofauti ni ndogo, na sababu yake sio mnayoifikiria

Kila nikiongea na watu wa nyumbani naulizwa maswali mawili yale yale, la kwanza nesi anayeanza kazi huku Uingereza analipwa shilingi ngapi, la pili mbeba boksi analipwa ngapi, na nikishazitaja hizo namba mtu ananyamaza kidogo alafu anasema haiwezekani. Yani mtu amekaa chuo kikuu miaka mitatu, ana leseni, roho za watu ziko mikononi mwake, alafu anamzidi wa ghalani hela ya mafuta ya gari na bili ya simu? Ndiyo, ndivyo ilivyo. Na nataka niieleze vizuri maana naona tunaisoma vibaya, kuna wanaoitumia kuwaambia vijana shule haina maana, kuna wanaosema Wazungu wamewadharau wasomi wao. Mi nimefanya kazi zote mbili, ghalani karibu na Northampton na sasa wodini, na ninachokiona ni kingine kabisa.

Namba kwanza. Kuanzia Aprili 2025 mpaka Machi 2026 kima cha chini cha sheria kwa mtu wa miaka 21 kwenda juu kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, nchi nzima, uwe unafagia, unabeba boksi au unaosha vyombo hotelini. Ukipiga masaa 40 kwa wiki mwaka mzima ulikuwa unapata kama pauni 25,400 kabla ya makato. Nesi mwenye digrii akiajiriwa na NHS, yani huduma ya afya ya serikali, hapa England mwaka huohuo wa malipo alikuwa anaingia daraja linaloitwa Band 5, kwenye hatua yake ya kwanza, pauni 31,049 kwa mwaka kwa masaa 37.5 kwa wiki. Mwalimu mpya nje ya London Septemba 2025 alianzia pauni 32,916. Hapo juujuu unaona bado kuna tofauti nzuri ila subiri makato. Pauni 12,570 za mwanzo hazikatwi kodi kwa wote wawili, baada ya hapo inakatwa asilimia 20, kuna bima ya taifa asilimia 8, na nesi anakatwa pensheni kubwa zaidi, zaidi ya asilimia 8, kwahiyo mwisho wa mwezi nesi mpya alikuwa anabaki na pauni 1,980 hivi na wa ghalani 1,750 hivi. Mia mbili na kitu tu. Na huyo wa ghalani akikubali ovataimu akafika masaa 48 kwa wiki, mwaka wake unavuka 30,000 kabla ya makato, hapo wanakaribia kabisa kulingana.

Sasa kazi zenyewe. Ghalani unapewa skana, inakuambia nenda safu ya ngapi, shelfu ya ngapi, chukua vipande vingapi, na inakuhesabia. Supavaiza anaona kwenye kompyuta yake umetoa mangapi kwa saa, ukishuka anakuja kukuuliza kuna nini. Miguu inauma, mgongo unauma, usiku ni baridi maana milango ya malori inafunguliwa muda wote. Ila ukishagonga kadi kutoka umetoka, hakuna mtu atakayekupigia kukuuliza lile boksi liliwekwa wapi, na hakuna boksi litakalokufuata kitandani.

Wodini usiku wangu wa kwanza kama nesi kamili nilikabidhiwa funguo za kabati la dawa, na nikaelewa hapohapo kwanini kazi hii ina mshahara wake. Morfini haitoki pale mpaka manesi wawili wasaini kwenye kitabu, mnahesabu pamoja vilivyobaki, hesabu isipokaa hakuna anayekwenda nyumbani. Shifti ni masaa kumi na mbili na nusu, unatakiwa upumzike nusu saa na mara nyingi haupumziki. Ukikosea dozi unaweza kumuua mtu na unaweza kupoteza usajili wako, na hilo unalibeba mpaka nyumbani, unaamka saa tisa usiku unajiuliza yule bibi wa kitanda cha nne nilimpima presha kabla ya kutoka au la. Kwahiyo nesi akisema analipwa kidogo mi namuunga mkono moja kwa moja, na ndio maana manesi waligoma Desemba 2022, na madaktari wadogo, yani wale ambao bado sio mabingwa, wakafuata Machi 2023.

Kwenye mgomo ule wa madaktari chama chao, BMA, kilitoa tangazo lililosumbua nchi nzima, kwamba maduka ya kahawa ya Pret A Manger wanamlipa mtengeneza kahawa mpaka pauni 14.10 kwa saa wakati daktari anayeanza analipwa 14.09. Serikali ilibisha sana zile hesabu, ilisema marupurupu hayakuwekwa. Sawa. Ila kilichonigusa ni jinsi watu wa kawaida walivyoipokea ile habari, maana sikumsikia mtu hata mmoja, kazini wala kwenye basi, akisema mtengeneza kahawa amezidishiwa. Wote walisema daktari amepunjwa. Nyumbani ingekuwaje? Najua ingekuwaje, tungesema huyo wa kahawa analipwa hela yote hiyo kwa kipi alichosoma.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Tofauti huku imekuwa ndogo sio tu kwa sababu wa juu wamebanwa (ni kweli wamebanwa, miaka mingi mishahara ya serikali ilikuwa haipandi kulingana na bei za vitu), ni kwa sababu wa chini wamenyanyuliwa kwa makusudi. Kabla ya Aprili 1999 Uingereza haikuwa na kima cha chini cha taifa. Kikaanza pauni 3.60. Baadae serikali ikajiwekea lengo kwamba ukiwapanga wafanyakazi wote kwa mstari kuanzia anayelipwa kidogo mpaka anayelipwa sana, ukamchukua yule wa katikati kabisa, basi kima cha chini kifike theluthi mbili ya malipo yake ikifika 2024, na wamefika. Kimepanda kwa kasi mpaka Aprili 2025 kikapita mshahara wa ngazi ya chini kabisa ya NHS yenyewe, ikabidi wahudumu wa wodi waongezewe haraka bila kusubiri nyongeza ya mwaka maana hospitali ya serikali ingekuwa inavunja sheria ya serikali.

Njoo nyumbani Tanzania sasa. Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari mkoa wa Geita, ana digrii, aliajiriwa 2023 kwa mshahara wa laki saba na sabini hivi. Alinitumia picha ya salari slip yake tukaichambua wote kwenye simu. Pensheni ya PSSSF asilimia 5. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3. Chama cha walimu asilimia 2. Kodi ya mshahara, PAYE, kama elfu sitini na mbili. Alafu bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara mzima, laki moja na elfu kumi na tano inaondoka kabla hajaiona. Anabaki na laki tano na kumi na kitu. Huku nesi aliyeanza chuo mwaka 2023 anakatwa mkopo asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 tu, sio ya mshahara wote, kwahiyo kwa ule mshahara wa 31,049 ni kama pauni 45 kwa mwezi. Angalia hiyo tofauti vizuri. Bongo tunamkata mwalimu mchanga kwa nguvu mwaka wake wa kwanza, kipindi ambacho anapanga chumba, ananunua godoro na jiko, na huko kijijini wazazi wanasema mwanetu ameshapata kazi. Ndio hapo anaingia kwenye mikopo ya riba kali, kausha damu, na akishaingia kutoka ni shughuli.

Na huyo ni aliyebahatika. Mwanzoni mwa 2025 nafasi za ualimu zilikuwa elfu kumi na nne na kitu, walioomba wakazidi laki mbili. Kwahiyo ukiona kijana wa digrii anaendesha bodaboda usimcheke, kuna siku akishatoa hesabu ya bosi, elfu saba au elfu kumi, anarudi nyumbani na hela nyingi kuliko mwalimu kwa siku hiyo. Ila hana pensheni, hana likizo, akianguka na pikipiki ndio basi.

Pamoja na yote hayo mdogo wangu ana kitu ambacho mi na hicho cheo changu cha unesi Ulaya siwezi kukiota. Ana dada wa kazi. Anaamka saa kumi na moja anakuta chai, mtoto ameogeshwa, akirudi shule nguo zimefuliwa. Amekuwa akimlipa elfu sabini kwa mwezi, juu ya kima cha amri ya mishahara ya 2022, iliyoweka elfu sitini kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Ndio, dada anakula na kulala pale, sijasahau. Lakini toa hicho chakula na kitanda uone, mwalimu analipwa karibu mara kumi na tatu ya hicho kima cha sheria. Huku, kwa masaa yaleyale, nesi anamzidi mfagiaji asilimia 30 hivi. Mi mtoto wangu alipokuwa mdogo malipo ya kulea watoto yalikuwa yanapita pauni elfu moja kwa mwezi, hiyo ni kabla serikali haijaanza Septemba 2025 kulipia masaa 30 kwa wiki kuanzia mtoto wa miezi tisa kwa wazazi wengi wanaofanya kazi, na mimi na mume wangu tulikuwa tunapishana mlangoni, yeye anatoka mchana mi naingia usiku. Hakuna dada. Hakuna kwa sababu huyo dada huku ana sheria inayosema alipwe kima kilekile cha chini kwa kila saa na hakuna nesi wa Band 5 mwenye ubavu huo.

Kwahiyo mtu akiniambia msomi wa Bongo anaishi vizuri kuliko msomi wa Ulaya namuelewa, kwenye mambo ya ndani anaishi vizuri kweli. Ila tuulizane, anayelipia huo uzuri ni nani? Ni binti wa miaka kumi na nane kutoka Iringa au Singida anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Laki tano ya mwalimu inatosha kwa sababu elfu sabini ya dada haitoshi. Sisemi mdogo wangu ni mbaya, anampenda yule binti na anamlipia mafunzo ya cherehani jioni, nasema ndivyo tulivyojipanga wote, na tunapolalamika mshahara wa kuanzia wa msomi ni mdogo tunasahau kuna mtu nyumbani kwetu anayelipwa na mshahara huohuo.

Nchi imeanza kusogea, nitoe haki yake. Kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 370,000 mpaka 500,000 Julai 2025, na sekta binafsi ikatangazwa kutoka 275,060 mpaka 358,322 kuanzia Januari 2026. Ni hatua kubwa. Swali ni nani anakagua huko majumbani na vibandani ambako hakuna mkataba wala salari slip.

Kwa vijana mnaoniuliza muache chuo mje kubeba boksi, nawaomba msikilize. Mshahara wa kuanzia unakaribiana, wa baadae haukaribiani. Kwa viwango vya 2025/26 nesi wa Band 5 baada ya miaka miwili alikuwa anapanda 33,487, baada ya minne 37,796, akipata Band 6 alikuwa anaanzia 38,682 na kuendelea. Kule ghalani niliwaacha watu waliokuwa na miaka kumi pale, wanalipwa sawa na aliyeingia jana, kinachowapandishia ni sheria ya Aprili tu, na miili yao imechoka. Alafu kuna viza. Ghala haikuombei viza. Kazi ya kulea wazee, ambayo wengi walipitia, dirisha la kuajiri kutoka nje lilifungwa Julai 2025. Viza ya kazi ya ujuzi kwa fani nyingi inadai mshahara wa pauni 41,700, na ingawa manesi wana utaratibu wao wa chini zaidi, kinachotazamwa kwanza ni cheti na usajili. Yani bila shule hata hilo boksi hulifikii, labda uje kwa ndoa au kwa njia ambayo utaishi umejificha, na anayejificha halipwi kima cha sheria, analipwa atakachoamua bosi.

Mdogo wangu aliniuliza aache ualimu atafute njia ya kuja. Nilimwambia abaki, amalizane na bodi ya mikopo, alafu tuangalie. Na yule dada tumekubaliana mi nachangia, kuanzia mwezi huu analipwa laki na ishirini, kile kima ambacho amri ya 2022 iliweka kwa anayefanya kazi ya ndani na kwenda kulala kwake. Mei Mosi ijayo walimu wakisimama na mabango yao, kwenye hotuba na kwenye madai ningependa nisikie na kima cha hawa mabinti kinatajwa kwa namba.