Supu Iliyoyeyuka Kwenye Foleni

Nilisafiri na supu. Nakiri mapema ili anayetaka kunicheka anicheke, tumalizane. Ilikuwa lita nzima, imelala kwenye friza hadi ikawa jiwe, nikaiviringishia taulo na kuitia kwenye begi la mkononi. Rafiki aliyezoea kusafiri ndani ya Marekani ndiye aliyenipa ujanja huo: huko, kimiminika kilichoganda kikiwa bado kigumu kabisa mbele ya mkaguzi, kinapita. Hakunikumbusha mambo mawili. Foleni ndefu inaweza kukiyeyusha, tena mimi nilikuwa sisafiri ndani ya Marekani.

Foleni ilitambaa kwa dakika arobaini. Nilipofika mbele, mkaguzi alikinyanyua chombo changu kutoka kwenye trei, akakisogeza karibu na sikio na kukitikisa.

"Dada, humu ndani kunacheza maji."

"Si maji, kaka. Ni supu."

"Najua ni supu. Ndiyo maana haipiti."

Nimeyatafuna maneno yale mara nyingi tangu siku ile. Kijana hakunishuku hata kidogo. Aliamini ni supu, nami niliamini ni supu, na harufu nayo ilikuwa imeshaanza kutoa ushahidi wake. Ila kwa kuwa tulikubaliana kwamba ni supu, tulikuwa tumekubaliana pia kwamba haiendi popote. Akanipa njia tatu: nirudi nikaipeleke kwenye mzigo wa chini ya ndege, niinywe, au niitupe. Mizigo ya chini ilikuwa imeshafungwa. Nikatoka kwenye mstari, nikakaa juu ya begi langu, nikanywa kile kilichoyeyuka. Barafu iliyobaki niliitupa. Nilipanda ndege nikiwa nimeshiba na nimenuna.

Hasira ilipopoa nilijiuliza kama sheria yenyewe ni ya kijinga. Sidhani. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamezima njama ya kulipua ndege kadhaa zinazovuka Atlantiki. Silaha ilikuwa vilipuzi vya maji vyenye msingi wa hidrojeni peroksaidi (kemikali ya kupaushia nywele), vipenyezwe kwa chini ndani ya chupa za kawaida za vinywaji ili kifuniko kibaki kama hakijafunguliwa. Mashine za eksirei za wakati huo zilionyesha umbo la kitu na jinsi kilivyoshikamana, lakini hazikuweza kutenganisha chupa ya soda na chupa ya balaa. Siku ileile vimiminika vikapigwa marufuku ndani ya ndege, na wazazi wakawa wanaambiwa waonje maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi. Marekani ililegeza tarehe 26 Septemba mwaka huohuo, Umoja wa Ulaya ukafuata tarehe 6 Novemba. Hapo ndipo tulipoletewa mililita 100 na kile kifuko cha plastiki cha lita moja ambacho hadi leo hakifungiki vizuri.

Wapo wanaouliza, na ni swali zuri: kama mnaogopa chupa yangu ni bomu, mbona mnaitupa kwenye pipa lililo katikati ya watu mia mbili? Jibu ninaloliona mimi ni kwamba hawaiogopi chupa yako. Wanachofanya ni kumharibia hesabu mtu anayetaka kujaribu, ajue mapema kwamba chupa kubwa haivuki hata iwe na nini. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni namna sheria iliyotungwa kwa ajili ya chupa ilivyokuja kukitawala chakula chote, maana chakula hakikubali kugawanywa kirahisi namna hiyo kuwa kigumu na cha maji.

Chukua siagi ya karanga. Huwezi kuinywa, na kijiko ukikisimamisha ndani yake kinasimama. Lakini ofisi ya usalama wa usafiri ya Marekani imeshasema wazi kwamba ni kimiminika, kwa kuwa kipimo chao ni kama kitu kinamwagika, kinapulizwa, kinapakwa au kinasukumwa kwa pampu. Basi jamu imo, asali imo, mtindi umo, na jibini laini la kupaka limo. Jibini gumu limetoka. Mkate uliokwisha kupakwa siagi ya karanga unapita bila neno, kopo uliloichotea halipiti. Ukilitazama kopo na mkate, unaona kwamba kilichohukumiwa ni chombo. Na kweli, kinachopimwa ni ukubwa wa chombo: kopo la mililita 200 lenye vijiko viwili vya jamu chini kabisa linanyang'anywa, na kubishana ni kuichelewesha foleni bure. Nimewaona watu wazima wakitetea nusu kopo la asali kwa bidii ambayo wangeitumia mahakamani wangeshinda kesi.

Kuna upande mwingine ambao abiria wengi hatuujui, nao ndio ulionifanya nipunguze kuwalaumu wakaguzi. Kwenye skrini yao vitu havionekani kama tunavyoviona sisi. Mashine hupiga miale ya nguvu mbili tofauti, ikakisia aina ya kitu, ikakipaka rangi: chuma kinatoka buluu, vitu vya asili ya uhai vinatoka rangi ya chungwa. Chakula ni cha rangi ya chungwa. Vilipuzi vingi navyo ni vya rangi ya chungwa. Bonge la jibini, tofali la chokoleti, keki nzito iliyoshindiliwa vizuri, vyote kwenye skrini ni donge zito la chungwa, na kama juu yake kumelala chaja na nyaya zake, picha inayojitokeza si ya kuchekesha. Ndiyo maana unaambiwa utoe chakula na kukiweka kwenye trei peke yake. Anataka kukiona bila nyaya zako.

Januari 2010, kwenye uwanja wa Meadows Field mjini Bakersfield, California, uwanja mzima ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya asali. Ilikuwa kwenye begi la kwenda chini ya ndege, imemiminwa katika chupa tano za kinywaji. Kipimo cha kwanza cha kugundua masalia ya vilipuzi kililia, chupa zikafunguliwa, wakaguzi wawili wakasema harufu imewatia kichefuchefu, wakapelekwa hospitali. Mwishowe ikathibitika kwamba ilikuwa asali. Mimi najifunza jambo dogo hapo: acha chakula ndani ya chombo chake. Asali iliyo kwenye chupa ya kinywaji imeshaanza kusema uongo kabla hujafungua mdomo. Unga nao una mkasa wake. Tangu 2018, kwa safari za kuingia Marekani, unga wowote unaozidi takriban mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kukaguliwa zaidi na hata kukataliwa, iwe sukari, kahawa au viungo. Kama unao mwingi, upeleke chini ya ndege. Huko hakuna wa kukuuliza kama ni laini au mgumu.

Kinachoniudhi kweli ni maziwa ya watoto, maana hapo hakuna utani. Karibu kila mahali maziwa ya mama, maziwa ya kopo na chakula cha mtoto vimeruhusiwa kuzidi mililita 100. Vizuri. Sasa mama anayesafiri bila mtoto, amekamua na kugandisha ili yasiharibike, aende Uingereza akitokea Marekani, kisha arudi. Uingereza inaruhusu maziwa hayo mkononi yakiwa ya maji, hadi lita mbili kwa kila chombo, lakini yakiwa yamegandishwa yanatakiwa yaende chini ya ndege. Marekani yaliyoganda yanapita mkononi. Yaani maziwa yaleyale ya mama yuleyule, safari ya kwenda yanaheshimika na safari ya kurudi yanakuwa tatizo, na kinachobadilika ni uwanja tu. Supu yangu niliilia kwa dakika tano. Maziwa ya aina hiyo yana saa za mtu ndani yake, na sioni kwa nini kitu kama hicho kiachwe kitegemee mkaguzi wa zamu ameamkaje.

Wenzangu watasema dawa imeshapatikana: mashine mpya. Ni kweli zipo. Zinapiga picha kwa kuzunguka begi pande zote, kama zile za hospitali, mkaguzi anaweza kuligeuza begi kwenye skrini, na programu inapima jinsi kila kitu kilichomo kilivyoshikamana. Edinburgh ilianza kuruhusu vimiminika hadi lita mbili Julai 2025, Dublin ikafanya vivyo hivyo Septemba ya mwaka huo. Lakini angalia njia iliyopitiwa kufika hapo. Uingereza ilivipa viwanja vyake vikubwa hadi Juni 2024 viwe vimefunga mashine hizo, na mwezi huohuo baadhi ya viwanja vidogo vilivyokuwa vimeshaacha kanuni ya zamani vikaamriwa kuirudia. Septemba 2024 Ulaya ikarudisha mililita 100 hata pale penye mashine mpya, mpaka zipimwe upya. Abiria alikuwa ameanza kuzoea kuacha chupa ndani ya begi, akaambiwa aitoe tena.

Matokeo yake ni kwamba leo sheria inabadilika uwanja kwa uwanja, wakati mwingine mlango kwa mlango ndani ya uwanja mmoja. Unaondoka na kopo la asali la nusu kilo ukitabasamu, unaunganisha ndege mahali pengine, unakaguliwa upya, kopo linabaki. Hata ulichonunua dukani baada ya ukaguzi kinaweza kukutoka hapo usipokiacha ndani ya ule mfuko maalumu uliofungwa pamoja na risiti yake. Kwangu mimi hili ni kosa la mashirika ya ndege na viwanja, si la mkaguzi. Wakati nanunua tiketi wanajua kila uwanja nitakaopitia. Wananiuliza kama nataka kulipia kiti cha dirishani mara nne, lakini hakuna anayeniambia kwamba uwanja wa pili katika safari yangu bado una mashine ya zamani. Mstari mmoja tu kwenye tiketi ungetosha.

Mpaka mstari huo uje, mimi nafunga begi kwa kuufuata uwanja mkali kuliko yote ninaopitia. Chakula chote kikavu, kimekaa juu kabisa kwenye mfuko mmoja unaotoka kwa mkono mmoja. Mkate, matunda yaliyokaushwa, karanga, biskuti, mayai ya kuchemsha kama moyo unanituma, ingawa mayai yana mambo yake na jirani yako wa kiti cha kati hakukukosea kitu. Chupa ya maji naivusha tupu na kuijaza ng'ambo. Kijiko sina wasiwasi nacho; kisu nakiacha nyumbani, chochote kinachohitaji kukatwa nimeshakikata. Na mtindi, hata ule mdogo unaoruhusiwa, siubebi tena. Ndani ya ndege inayoruka hewa inakuwa nyepesi kama ya mlimani, mita elfu mbili hivi, kifuniko kinavimba kama shavu, na ukikitoboa kinakutemea shati.

Halafu kuna lango ambalo hatuliogopi, nalo ndilo la kuogopwa. Tukishavuka ukaguzi wa usalama tunapumua kana kwamba chakula kimeshapewa uraia. Kumbe kuvuka kwa mkaguzi hakukupi haki yoyote unakoteremka. Huko wanaokusubiri ni watu wa kilimo na karantini, nao hawana habari na mililita. Wanatafuta wadudu na magonjwa. Mwaka 2018 abiria mmoja aliyeingia Marekani alitozwa dola 500 kwa tufaha moja alilopewa ndani ya ndege na kulitia mkobani. Julai 2022 mwingine aliingia Australia akitokea Bali na mikate miwili ya mayai na soseji aliyosahau kuitaja, akatozwa dola 2,664 za huko. New Zealand faini ya papo hapo inaanzia dola 400 zao. Tangu Aprili 2025 huwezi kuingia Uingereza kutoka nchi za Umoja wa Ulaya na nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe wala jibini kwa matumizi yako mwenyewe, hata kama umenunua dukani ndani ya uwanja, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Wanaokumbuka 2001 hawaoni kama ni ukali kupita kiasi, maana mwaka ule ugonjwa huo uliwafanya Waingereza wachinje zaidi ya mifugo milioni sita.

Pale ndipo ninapokuwa mpole. Mkaguzi wa kwanza nambishia kidogo, japo moyoni. Kwa huyu wa pili naweka alama kwenye kila kisanduku cha fomu ya kutaja nilichobeba, hata cha biskuti, kwa kuwa anayetaja hutozwa kitu kidogo sana: kile chakula tu. Na tufaha la ndani ya ndege siku hizi nalila lote kabla magurudumu hayajagusa ardhi, kiini nakitia kwenye kikombe cha karatasi, nampa mhudumu anapopita na mfuko wake wa taka kwa mara ya mwisho.