Nilivyomtemea Mkwe Mvinyo

Dada yangu ameolewa Ufaransa, kijiji kimoja karibu na mji wa Orange, kwenye bonde la mto Rhône. Baba mkwe wake ni mkulima wa zabibu. Mwaka juzi mwezi wa nne nilikwenda kuwasalimia, mzee akasema mgeni haondoki bila kuonja mvinyo. Mimi Mchaga wa Kibosho, nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikaona hapa nimefika kazini.

Akapanga chupa nne juu ya pipa uani, pembeni akaweka kindoo cha bati. Nikadhani ni cha barafu.

Chupa ya kwanza ilikuwa Côtes du Rhône ya kawaida, euro 6, ile wanayoshushia chakula cha mchana. Mzee akaanza somo, dada akitafsiri. Humu mna zabibu za aina tatu: Grenache inaleta utamu na joto, Syrah inaleta rangi na harufu ya pilipili manga, na Mourvèdre inaleta mifupa. Mifupa! Nikainua glasi juani nikachungulia. Sikuona hata mwiba wa dagaa.

Nikapiga funda. Mwanzo matunda matunda, halafu ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi na ganda lake.

"Anauliza umeonja nini," dada akasema.

"Mwambie ndizi mbichi."

Akatafsiri, na najua alidanganya, maana mzee aliguswa mno.

Kisha mzee naye akaonja, akausukutua mdomoni, akautema kwenye kile kindoo. Moyo ukanipasuka. Kwetu ukitema mbege ya mtu umetangaza ugomvi na ukoo mzima. Nikajua umechacha, nikampa pole.

"Mdogo wangu, wanatema wasilewe," dada akaninong'oneza. "Huo una kilevi asilimia 14."

Nikaitikia, nikaendelea kumeza. Heshima ni heshima. Chupa ya pili nikameza. Ya tatu nikameza, nikaanza kumwita mzee "shemeji". Ya nne dada akanikanyaga mguu: "Tema!"

Sasa, bonde lile lina upepo wake, unaitwa mistral. Unashuka kutoka kaskazini kama basi lililokatika breki. Wakulima wanaupenda, maana mvua ikinyesha unaikausha mizabibu na ugonjwa wa ukungu haupati nafasi. Asubuhi ulikuwa umelala. Ulipoamka, mimi nilikuwa upande wa kaskazini wa pipa, mzee upande wa kusini, mashavu yangu yamejaa.

Nilitema kwa nguvu zote, kama mtu aliyemaliza kupiga mswaki. Mvinyo ukapita juu ya kindoo bila hata kukisalimia, ukatua wote kwenye shati jeupe la mzee. Mwingine ukabaki unadondoka kwenye masharubu.

Kimya. Hata mbwa wao alinitazama.

Dada hakupepesa jicho. Akamwaga Kifaransa kirefu, mkono kifuani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kwetu Uchagani ukimtemea mtu pombe unambariki."

Ni kweli, ila ni nusu tu. Anayetemea ni mzee, anayetemewa ni kijana. Mimi nilikuwa nimembariki mkwe wa dada yangu kinyumenyume, na nyumbani ningetozwa mbuzi kabla jua halijazama. Lakini mzee macho yalimlenga machozi. Akauliza kitu, dada akasita, akajibu "oui".

"Kasemaje?"

"Anauliza kama baraka inarudishwa."

Mzee akajimiminia ile ya euro 6 (zile ghali hakuzigusa, nilimwona), akajaza mdomo. Halafu akazunguka pipa taratibu, akanisogeza mimi kusini, akasimama upande unakotoka upepo. Miaka yote kwenye mizabibu, hakuhitaji hata kulenga.

Mama mkwe akatoka jikoni kuuliza kelele za nini. Akaelezwa.

Akaomba glasi.