Bepari wa Kisutu na mabepari wa Venisi

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vitambaa Kisutu kutafuta mapazia. Mkononi nilikuwa na Mabepari wa Venisi, nakala kuukuu niliyoinunua kwa wauza vitabu wa barabarani pale Posta. Mwenye duka, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa hapa hapa Dar, aliitikia shikamoo yangu, akakiangalia kitabu, akalisoma jina kwa sauti.

“Vepari,” akasema. “Kwetu vepari ni mtu wa biashara. Kama mimi.”

Nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, miaka miwili, nikaendelea na fasihi chuoni, na sikumbuki kipindi hata kimoja tulichoambiwa kwamba neno bepari limetufikia kutoka kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi. Kwangu bepari alikuwa mnyonyaji, yule mwenye kitambi kwenye katuni za magazeti. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia hii ya Shakespeare mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kwa Kiingereza jina, The Merchant of Venice, lina mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, wala si Shylock mkopesha fedha kama wengi wanavyodhani. Mwalimu akaandika mabepari, kwa wingi. Mkopaji na mkopeshaji wakatiwa kapu moja. Msomaji wa Dar wa mwaka ule hakuweza kulipokea jina hilo kama alivyolipokea mtu wa London, na tofauti hiyo peke yake inatosha kujaza muhula mzima wa masomo.

Hiyo ndiyo fasihi linganishi ninayoililia. Mwanafunzi wa HKL hubeba fasihi mbili kwenye begi moja. Asubuhi anachambua tamthilia ya Kiingereza, baada ya mapumziko riwaya ya Kiswahili, kila moja na mwalimu wake na daftari lake. Anamaliza kidato cha sita bila kuviweka vitabu hivyo viwili juu ya dawati moja.

Wapo walimu wa Kiswahili ninaowaheshimu sana wanaolihofia hili, na hofu yao ina msingi. Mara nyingi kulinganisha kumekuwa ni kuupima utenzi kwa rula ya Ulaya, kisha kuutangaza mfupi. Naikubali hofu hiyo. Lakini nani alisema lazima kila safari tupitie Ulaya? Hata Shaaban Robert alipotuletea rubai za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, alizichota kwenye Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859. Namshukuru kwa kazi ile. Ila Uajemi ni jirani yetu wa bahari, majahazi yamekwenda na kurudi kwa karne nyingi. Rubai na tarbia ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya nne, na mashairi yote mawili yana mishororo minne kila ubeti. Natamani nimwone kijana wa Mbagala akizisoma rubai zile kwa Kiajemi chenyewe na kuziweka kando ya tarbia za Muyaka wa Mombasa.

Abdulrazak Gurnah naye, mzaliwa wa Zanzibar, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilibidi tusubiri hadi baada ya Nobeli ya 2021 ndipo Ida Hadjivayanis atupatie tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi. Kijana anaitwa Yusuf, mfanyabiashara anayemchukua anaitwa Aziz, mkewe Zulekha. Mtoto yeyote aliyepita madrasa mjini hapa anaijua hadithi hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na aliyesoma Biblia anamjua Yusufu na mke wa Potifa. Darasa la Kiingereza linalofundisha riwaya ile bila kumuuliza mtoto huyo anajua nini linapoteza nusu ya kitabu.

Basi tuache hayo, nirudi dukani. Mzee alikuwa bado anapima kitambaa changu.

“Huyo vepari wako aliuza nini?”

Nikamwambia merikebu zake zilibeba hariri na viungo.

“Zilikwenda wapi?”

Nikazitaja nilizozikumbuka: moja Tripoli, moja Uingereza, moja Bara Hindi.

Akaiweka mita chini. “Bara Hindi bandari gani?” akauliza, akavuta stuli, akaniashiria nikae.