Mkwara au meza? Marekani na Stalin enzi bomu liko upande mmoja

Watu wakianza kubishana kuhusu nyuklia wengi wanarukia mgogoro wa makombora ya Cuba 1962, lakini mi naona ubishi wenyewe hasa ulikuwa kati ya 1945 na 1949, ile miaka minne Mmarekani alikuwa na bomu peke yake duniani na Washington yenyewe haijakubaliana ilitumieje, kumtisha nalo Stalin ili atulie au kukaa nae mezani mapema kabla hajatengeneza la kwake. Siku hizi wale wa mezani wanachekwa kwamba walikuwa watu laini tu wasioijua dunia. Ukiangalia nani alikuwa upande gani unashangaa.

Chukua Henry Stimson. Huyu ndo alikuwa Waziri wa Vita, mzee wa Republican, mradi mzima wa bomu ulikuwa chini ya wizara yake na maamuzi ya Hiroshima alikuwemo. Afu huyo huyo tarehe 11 Septemba 1945 anamwandikia Rais Truman kwamba tukiendelea kuongea na Warusi huku bomu linaning'inia kiunoni waziwazi, shaka zao zitazidi, kwaio tuwafuate moja kwa moja sisi na Waingereza tuelewane namna ya kulidhibiti, tusilipeleke kwenye mkutano wa mataifa kibao. Likajadiliwa baraza la mawaziri tarehe 21, siku yake ya mwisho kazini na ndo siku hiyohiyo alikuwa anatimiza miaka 78. Acheson, naibu waziri wa mambo ya nje, akamuunga mkono, Wallace wa biashara nae. Forrestal, waziri wa jeshi la majini, akakataa katakata, yani yeye aliona hiyo njia ya kununua urafiki ilishajaribiwa kwa Hitler na hailipi.

Na Forrestal usimdharau. Munich ya 1938, pale Uingereza na Ufaransa walipomwachia Hitler kipande cha Czechoslovakia ili atulie, ilikuwa miaka saba tu nyuma, Stalin aliahidi kwenye mkutano wa Yalta 1945 kwamba Poland itapata uchaguzi huru na kila mtu anaona mambo yanavyoenda, afu Machi 1946 majeshi yake yanagoma kutoka Iran wakati muda uliokubaliwa umeshapita. Februari mwaka huo huo mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan katuma kutoka ubalozi wa Moscow ile telegramu yake ndefu, anasema hawa jamaa hawasikii hoja ila nguvu wanaielewa vizuri sana. Ukiwa umekaa Washington unasoma hayo, nani atakushawishi ukamkabidhi Stalin chochote?

Mimi kambi ya mkwara nina ugomvi nayo kwenye kitu kimoja, mkwara wenyewe haukuwa na nyama. Septemba 1945 London, mkutano wa mawaziri wa mambo ya nje, Byrnes wa Marekani kaenda akiamini bomu litamlainishia mazungumzo. Kufika pale Molotov, waziri mwenzake wa Urusi, ndo anamtania yeye, anamuuliza kama bomu la atomiki analo mfukoni. Byrnes akajibu kiutani kwamba ukiendelea kutuzungusha ntalichomoa nikupe nalo. Wakacheka. Mkutano ukavunjika bila makubaliano yoyote, na Molotov wala hakurudi nyuma hatua moja. Yani Warusi walishaamua kujifanya hilo bomu halipo, na dawa ya mkwara ndo hiyo, usioneshe umeusikia. Afu angalia hesabu: katikati ya 1946 Marekani ilikuwa na mabomu 9, mwaka uliofuata 13, na hata hayo yalikaa vipande vipande yanasubiri mafundi wa kuyaunganisha. Watu wanaongea utadhani ghala limejaa.

Sasa tugeuke upande wa meza, maana na wao wana la kujibu.

Machi 1946 Acheson na mwenzake Lilienthal wakatoa ripoti, humo ndani mawazo mengi ni ya Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu, kwamba iundwe mamlaka ya kimataifa imiliki migodi ya urani na mitambo yote ya hatari, nchi moja moja zibaki na matumizi ya amani. (Kumbuka hapo mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu waongea Kiswahili wa Kongo, na mkataba wa huo mzigo ulishasainiwa 1944 kati ya Washington, London na Wabelgiji, wachimbaji wala hawakujua wanachimba nini.) Ni wazo zuri kwa kweli. Ila Truman akampa Bernard Baruch aliwasilishe Umoja wa Mataifa, na Baruch akaongeza vya kwake, kwamba atakaekiuka aadhibiwe na hapo hakuna cha veto (kura ya turufu ya wakubwa), na Marekani itabaki na mabomu yake mpaka mfumo wote usimame. Akalisoma tarehe 14 Juni 1946 New York. Siku tano baadae Gromyko, mjumbe wa Urusi, akaja na la kwake kinyume kabisa, teketezeni mabomu kwanza ndani ya miezi mitatu afu ndo tuongelee udhibiti. Na tarehe 1 Julai, hata vumbi halijatua, Wamarekani wanalipua bomu la majaribio kwenye visiwa vya Bikini, Pasifiki, mbele ya waandishi wa habari na waangalizi wa nchi za nje. Hivi wewe ungekuwa Stalin ungeelewaje? Mwisho wa Desemba pendekezo la Baruch likapigiwa kura kwenye kamisheni ya nishati ya atomiki ya Umoja wa Mataifa, 10 kwa 0, Urusi na Poland hawakupiga, habari ikaishia hapo.

Kwaio mtu akiniambia meza ilijaribiwa ikashindwa namkatalia, iliyojaribiwa ni meza yenye bastola juu yake. Lakini pia wale wanaosema wangemsikiliza Stimson mapema mashindano yasingekuwepo, hao siwaelewi kabisa. Stalin alishaunda kamati maalumu ya bomu chini ya Beria, bosi wake wa usalama, tarehe 20 Agosti 1945, kabla hata Stimson hajashika kalamu, na maelezo ya bomu alikuwa anayo tayari kutoka kwa Klaus Fuchs, mwanafizikia jasusi aliyekuwa ndani ya Los Alamos kwenyewe, maabara iliyotengeneza bomu. Siri ambayo Washington wanagombana tuitoe au tuifiche ilishatoka. Na hivi kweli Stalin, nchi imetoka kupoteza watu wapatao milioni 27, aruhusu wakaguzi wa kigeni wazunguke kwenye viwanda vyake? Mi siioni hiyo. Stimson asingezuia bomu la Mrusi, labda angepunguza tu ile hofu iliyokuja nalo.

Berlin ndo inanifanya nisikae kambi yoyote moja kwa moja. Juni 1948 Stalin anafunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi, iliyokuwa mikononi mwa Marekani, Uingereza na Ufaransa, na kumbuka bomu liko Marekani tu, kwahiyo hapo mkwara haukumzuia. Julai Truman anapeleka ndege 60 za kudondosha mabomu aina ya B-29 Uingereza, dunia nzima ikaelewa ni ndege za atomiki, kumbe zile hazikuwa zimerekebishwa kubeba bomu hilo. Kilichoibeba Berlin ni ndege za unga na makaa ya mawe, siku moja ya Aprili 1949 zilitua karibu 1,400 ndani ya saa 24. Ila Stalin nae hakuthubutu kuzitungua, na hapo wa mkwara wana haki ya kusema kuna kitu alikiogopa. Sasa iliishaje? Januari 1949 Stalin alijibu maswali ya mwandishi mmoja wa Kimarekani na kwenye majibu yake hakutaja kabisa ile ishu ya sarafu mpya ya Berlin aliyokuwa anaikomalia. Mwezi uliofuata Jessup, mwanadiplomasia wa Marekani, akamvizia Malik, mwakilishi wa Urusi, pale Umoja wa Mataifa, akamuuliza kistaarabu, hivi ile kutotajwa ilikuwa bahati mbaya? Malik akasema ngoja niulize. Mwezi mzima kimya, Machi 15 akarudi na jibu, haikuwa bahati mbaya. Wakaanza kuongea chini chini na Mei 12 njia zikafunguliwa. Kwa maoni yangu bomu lilimzuia Stalin asivuke mstari, ila halikumfungulia hata geti moja, geti lilifunguliwa na mizigo ya kila siku pamoja na mtu aliyejua kuuliza swali dogo.

Washington sidhani kama walilisoma hivyo. Agosti 29, 1949 Mrusi akalipua lake, na kamati ya washauri wa kisayansi aliyoiongoza Oppenheimer ikashauri bomu la haidrojeni, kubwa kuliko lile la kwanza, lisikimbiliwe, Kennan yule yule wa telegramu nae akataka tujaribu kwanza kuelewana. Januari 31, 1950 Truman akakutana na Acheson, Lilienthal na Johnson, waziri wa ulinzi, kikao cha dakika saba. Aliuliza kama Warusi wanaweza kulitengeneza, akaambiwa wanaweza, basi akasema tuendelee. Acheson wa 1945 aliyekuwa upande wa Stimson sasa hivi yuko upande ule mwingine. La Mmarekani likalipuka Novemba 1952, la Mrusi Agosti 1953, yani faida yote ya kukataa hata kuuliza ilikuwa miezi tisa.