Mteja Bora wa Nyamakima

Kwanza niseme hivi: sikufukuzwa na mwiko. Nyinyi mnaoisambaza kwenye magrupu ile hadithi ya jamaa yangu, eti mama mwenye duka alinifukuza na mwiko kwa sababu ya programu niliyomtengenezea, mwiko ameuongeza yeye. Huyo Mama anauza nafaka kwa jumla, mwiko angeutoa wapi? Kilichokuwa karibu ni gorogoro ya kupimia nafaka, na hata hiyo hakuishika.

Nyamakima ya Nairobi mnaijua. Magunia hadi dari, mkokoteni nyuma yako unapigiwa mluzi, na mama anayekumbuka deni la kila mtu kwa kichwa. Akataka wateja wake waingizwe kwenye kompyuta. Jina, simu, deni, basi. Wateja kama mia tatu hivi. Excel, ile programu ya majedwali yenye nafasi ya mistari 1,048,576, ingeifanya kazi hiyo huku inasinzia. Ama lugha ya programu ya Python, ambayo tangu 2006 inakuja na hifadhidata ya SQLite ndani yake, hununui wala hupakui kitu kingine.

Mimi nikachagua Rust.

Msiniulize kwa nini. (Haya, kuna mtu mtandaoni alisema PHP, lugha nyingine ya programu, ni ya wazee, nami ndevu zenyewe bado nazihesabu.) Rust ni lugha iliyolelewa Mozilla, watu wa vivinjari, na haikubali programu yako mpaka iikague kila kona. Nikamwelezea Mama sifa yake kuu: ukimkopesha mmoja ruhusa ya kubadilisha data, hakuna mwingine anayeigusa hadi yule wa kwanza arudishe.

Mama akaacha kuhesabu noti. "Na inawakatalia hivyo hivyo, bila kuona haya?"

"Inawakatalia, Mama."

"Basi ije isimame hapa mlangoni."

Akauliza itachukua muda gani. Nikasema wiki mbili. Akanitazama juu ya miwani. "Wiki mbili za kalenda, ama za fundi wa nguo?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Krismasi ikapita.

Sasa, kabla ya siku yenyewe, jueni mambo mawili. La kwanza: programu yangu ilimkataa mteja yeyote asiye na jina la ukoo. Daftari la Mama nalo limejaa "Mama Brayo", "Kamau Mrefu", "Kamau mwingine" na "yule wa Probox". Bintiye ndiye aliyenakili, na kila alipokosa ukoo alijaza maneno ambayo Mama ameyaandika pembeni. La pili: nilikuwa nimeweka nakshi. Programu ikifunguka, inampongeza mteja mwenye hesabu kubwa kuliko wote. Hesabu kubwa si ndiyo kununua sana? Ila daftari la Mama haliandiki mauzo. Linaandika madeni.

Nikaunganisha laptopu na televisheni ya dukani, ile ya taarifa ya saa saba. Duka limejaa. Nikabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Polepole ikachomoza nyota ya dhahabu, ikaanza kuzunguka. (Huo mzunguko niliukeshea, wasee.) Watu wakainua macho. Mpakiaji akatua gunia. Kisha herufi zikaanza kushuka mojamoja, kwa sababu nilidhani ndivyo maridadi. HONGERA. Kituo. MWALIMU. Kituo kingine.

Mwalimu mwenyewe alikuwa pale kaunta, mkono ndani ya gunia la maharagwe. Akatabasamu. Akautoa mkono, akanyoosha kola. Mtu akampigia makofi.

Ikashuka M. Nikakumbuka daftari, na tumbo likanishuka pamoja na hiyo M. Nikatafuta kitufe cha kufunga. Sikukiweka, kilikuwa kinaharibu urembo. D. O. Nikarukia nyaya za ukutani, nikavuta. Mizani ikazima. M. O. Mama akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. T. U.

HONGERA MWALIMU MDOMO TU, MTEJA WETU BORA. 18,400.

Nyota ikaendelea kuzunguka. Chini yake kulikuwa na nambari ya simu isiyo na sifuri ya mbele, maana nilihifadhi simu kama hesabu, na kompyuta haioni maana ya sifuri inayotangulia. Hiyo angalau hakuna aliyeiona. Walikuwa wanamtazama mpakiaji, ambaye alikuwa ameketi chini akilia kwa kicheko.

Mengine ni mafupi. Mwalimu alilipa nusu kwa M-Pesa papo hapo, akausoma ujumbe kwa sauti ili kila mtu asikie. Binti alihamishia kila kitu kwenye Excel jioni ile ile. Salio langu nimelipwa kwa ndengu, na ndizo ninazokula nikiwaandikia.

Leo Mama amepiga simu. Programu hataki, ila anataka ile nyota ibaki, iwe inawaka kila Jumamosi asubuhi duka likijaa. Akauliza itachukua muda gani. Kabla sijafungua mdomo, nikamsikia binti kwa nyuma: "Mpaka saa kumi, Mum."